Mpira Uliotiwa Sifa Mara Mbili

Nyinyi vijana mnaopiga mpira ukutani hapo nje ya lililokuwa duka langu Kokoni, huwa nakusikieni, na mlio wa mpira wenu siupendi. Unasema "pa", kama mtu aliyepigwa kofi la uongo. Mpira wa zamani ulikuwa unasema "ndu", na aliyeupiga na aliyepigwa nao wote wawili wakijua kuwa pana ngozi ya ng'ombe baina yao. Lakini sikulaumuni. Mmeukuta umeshatengenezwa, ukipasuka mnautupa. Sisi ukipasuka ndipo kazi ilipoanza.

Kazi yangu mimi, Haji, ilikuwa kushona makubadhi. Nimewashonea maharusi, nimewashonea mahakimu, nimemshonea bwana mmoja aliyekuwa na mguu mmoja mkubwa kuliko wa pili na aliyetaka nimwapie kuwa sitamwambia mtu. Sikumwambia mtu mpaka leo, na jina lake sitakutajieni. Sasa mkono unatetemeka na maharazi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, nimemwachia mjukuu. Lakini nikipita njiani hakuna anayeniamkia kwa ajili ya makubadhi. Wananiita Fundi wa mpira. Basi na tuzungumze mpira, maana mna maswali mengi juu ya Subira na sababu ya timu ile kushuka, na majibu mliyopewa nayasikia. Mengi ni uongo.

Kwanza jueni mpira unashonwaje. Unakata vipande, unavishona upande wa ndani ukiwa nje, kama mnavyoshona foronya ya mto. Mwisho unaacha mwanya, unaugeuza, unaingiza kile kibofu cha raba, unakipuliza, unakifunga shingo, unakisukuma ndani, kisha unakaza mwanya kwa kamba ya ngozi. Uzi uwe wa katani, uupake nta mpaka ukivuta ulie. Na hapo kwenye kamba, mtu akipiga kichwa vibaya, anabaki na alama katika paji la uso hata wiki. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwajua wachezaji sokoni kwa alama hizo.

Mpira wa kwanza niliouharibu niliuharibu kwa haraka. Nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu, nafanya kazi kwa Ba Saleh, fundi Mshihiri mfupi aliyekuwa akizungumza kidogo na kupiga chafya nyingi, kwa vumbi la ngozi. Siku hiyo akaja Mbarouk, nahodha wa Subira, mpiga makasia wa mashua za bandarini, mwenye mabega ya kuzibia mlango. Ameushika mpira uliofumuka kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Shikamoo, Ba Saleh. Twataka utushonee."

"Marahaba." Ba Saleh akautazama bila ya kuugusa. "Mie nashona cha mguuni. Hicho naona mwakipiga kwa kichwa. Mpe Haji."

Ndivyo nilivyoupata ufundi wa mpira: kwa sababu mwenye duka aliukataa. Nikaona kutoa kibofu ni kazi bure, nikashona juu kwa juu na kibofu kikiwa ndani. Nikatoboa mara kumi na moja. Mbarouk alipoupuliza, mpira ukatoa upepo kila upande, na Ba Saleh akasema, "Umeshona filimbi." Alinifanya nibandike raba tundu moja moja, mbele yake, mpaka zikaisha zote. Tangu siku hiyo sikushona kitu kilichofungwa bila ya kujua ndani yake mna nini.

Nikwambieni jambo jengine, ili mfahamu kwa nini mambo yaliyokuja yalinichoma. Zama zile mshona ngozi hakuwa mtu wa kupishwa njiani. Harufu ya ngozi inatutangulia, na watu wa mji wakiijua. Katika maulidi nilikuwa nikikaa nyuma kabisa, penye viatu, na watani wakisema, "Muacheni, yuko kazini." Nilicheka nao, lakini nilikuwa naumia. Mahali pamoja tu nilikuwa mtu, napo ni uwanja wa Mnazi Mmoja. Nikifika na mpira kwapani watu wananipisha. "Fundi kaja!" Refa hawezi kuanza mpaka nimekaza kamba. Wakubwa waliokaa vitini wananisubiri mimi. Raha hiyo nilikuwa naila wiki nzima.

Sasa mashindano yenyewe. Timu sita, kila moja inakutana na mwenzake mara mbili, na kamati ya uwanja ina kanuni zake. Mpira unaletwa na timu kwa zamu, na timu ambayo mpira wake umekataliwa na refa na haina mwengine, imeshindwa. Ya pili, timu itakayoshika mkia inaondoka kwenye majani. Inakwenda kuchezea kule kwenye hori, pale maji ya bahari yanapotoka na kuacha tope. Tukiita kushuka pwani. Huko mnacheza kwa saa za maji, si kwa saa za refa. Maji yakirudi, mechi imekwisha, nani kashinda atajua Mungu. Na ngozi haistahamili maji ya chumvi, kwa hivyo pwani wakichezea mpira wa matambara. Mpira wa matambara hautaki fundi. Mnafahamu? Subira ikishuka, Mbarouk atapoteza majani, na mimi nitarudi penye viatu.

Na Subira ilikuwa inashuka. Msimu ule tulianza vibaya na tukaendelea vibaya zaidi. Ilikuwa mwaka wa karafuu nyingi, na karafuu zikizaa, mji unahamia shamba. Makame, mfungaji wetu, akaaga kuwa anakwenda kuchuma wiki moja. Akapanda mkarafuu na asishuke miezi miwili. Wenziwe wawili wakamfuata. Tukacheza na watu wa kuokoteza. Yupo mmoja, mpishi, alikuwa anakimbia vizuri sana lakini hajui upande gani ni wetu. Mitaani wakatutungia: "Subira yavuta heri, ya kwenu yavuta mkia." Mbarouk hakuwa akitoka nyumbani siku za Jumamosi, baada ya mechi za Ijumaa.

Katika balaa hilo lote mtu mmoja tu hakuyumba, golkipa wetu, Khatibu. Huyu ni Mjambiani. Alikuja mjini kuuza kamba za makumbi, akabaki akawa hamali, akaoa mtaa wa Malindi. Na mashemeji zake wawili walikuwa wakichezea timu ya Nderemo. Likumbukeni hilo. Alikuwa mkimya, na mikono yake, kwa kusokota kamba tangu utoto, ilikuwa migumu kuliko ngozi yangu. Akidaka kitu kimedakwa. Tulikuwa tukimtania kwa kumrushia machungwa ghafla, na sijapata kuona chungwa likianguka.

Makame aliporudi kutoka mikarafuuni, mweusi kwa jua na mnene wa mikono, tukaanza kushinda. Tukashinda moja, tukatoka sare moja, tukashinda tena. Ikafika mechi ya mwisho tukiwa bado mkiani, nyuma ya Nderemo kwa pointi moja. Na mechi hiyo ya mwisho ni baina yetu na Nderemo wenyewe. Tukishinda wanashuka wao. Tukitoka sare au tukifungwa tunashuka sisi. Zamu ya mpira ni yetu.

Ilikuwa vuli na mvua haichagui saa. Ngozi ikinywa maji mpira unakuwa jiwe. Mara mbili msimu ule Makame alipiga kichwa akakaa chini akiuliza leo siku gani. Mbarouk akanijia dukani. "Fundi, tupatie mpira usiokunywa maji."

Nikafikiri siku mbili. Ya tatu nikapita pale wanapopandisha mashua, nikaona watu wanazipaka sifa, na jawabu likanijia puani. Nyinyi wa leo mkisikia sifa mnajua ya kusifiwa tu. Sifa nyengine ni mafuta ya maini ya papa. Mbao ikishapakwa haiingii maji, na mtu akishapakwa haingii nyumbani. Nikachukua kibakuli, nikampelekea Ba Saleh na fikra yangu.

Alipiga chafya kwanza. Kisha akasema, "Itafaa. Lakini sikiliza. Mara moja tu. Uisugue kwa tambara mpaka ngozi iinywe, uweke kivulini siku tatu, upepo uipite. Usiirudie. Ngozi ikishashiba, ya pili hainywi, inakaa juu yake."

"Naam, Ba Saleh."

Nikafanya kama alivyosema. Siku ya nne nikautia mpira katika ndoo ya maji, ukaelea kama dafu, nikautoa, mkavu. Wallahi nilicheka peke yangu. Harufu ilikuwa nzito, siwezi kukuficheni. Paka wa mtaa mzima walihamia mlangoni kwetu. Lakini habari ikaenea kwamba Fundi Haji katengeneza mpira usiokunywa maji. Watu nisiowajua wakawa wanasimama dukani. "Fundi, tunakutegemea wewe." Mzee mmoja aliyekuwa hata salamu yangu haipokei alinikamata mkono akautikisa.

Asubuhi ya Ijumaa ya mechi nikaamka nikaona mbingu imefunga, nyeusi tititi. Kile kibakuli kilikuwa bado kina sifa kidogo. Nikajiambia, mvua kama hii moja haitoshi. Kama moja imezuia ndoo, mbili zitazuia tufani. Nikaupaka tena. Ba Saleh hakuwepo, alikuwa na homa. Nikaupangusa juu juu, nikaswali Ijumaa na mikono inanuka, na alasiri nikautia kwapani nikenda Mnazi Mmoja.

Watu walikuwa wengi kuliko siku nilizopata kuziona, na nilipishwa njia nzima. Sehemu yake ilikuwa heshima na sehemu yake harufu.

Khatibu ndiye aliyeupokea kwangu ili Makame apigepige kujaribu. Akaupapasa kwa vidole vyote kumi, akanitazama usoni, akamrushia Makame. Niliona anautukuza mpira wangu.

Nahodha wa Nderemo, Sudi, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuadhini, akaja mbio na pua kaishika. Refa alikuwa mzungu mmoja mrefu, Kiswahili chake kakisoma kitabuni na akikisema polepole kama anayehesabu.

"Bwana refa! Mpira huu siukubali. Nusa mwenyewe!"

Mzungu alikuwa na mafua yake ya vuli. Akanusa, hakusikia kitu. Akamgeukia Mbarouk. "Mpira huu una nini?"

Mbarouk, na mimi nilikuwa karibu, hakumwongopea hata herufi. "Una sifa, bwana."

Uso wa mzungu ukakunjuka. "A! Mpira wenye sifa! Vizuri sana. Mpira mwema lazima uwe na sifa. Chezeni!"

Sudi akabaki mdomo wazi, na uwanja ukacheka mpaka mbele kwenye viti. Hata mimi ninapokuandikieni hapa nnacheka. Na maneno haya mawili, sifa na sifa, mkisikia watu wanayataja wakitaja Subira, ni ya siku ile.

Mvua ikaja mara tu tulipoanza, na mpira wangu haukunywa hata tone. Nderemo hawakuwa wakitaka kuupiga kichwa kwa ile harufu, wanajikunja tu unawapita. Wetu walikuwa wamejifunza nao. Kabla ya mapumziko Makame akaruka, akaufunga kwa paji la uso, akatema mate mara tatu, akashangilia. Moja bila. Nilisimama juu ya kiti cha mtu. Mwenye kiti naye hakuwa amekaa.

Kipindi cha pili nikaona jambo ambalo sikulipenda. Khatibu alikuwa hadaki tena kwa mikono. Kila mpira anaukumbatia kifuani, anaangukia juu yake. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Watu wakampigia makofi. Mimi nikajikataza kufikiri sababu yake.

Karibu na mwisho Sudi akapiga. Haukuwa mpira wa kutisha. Ulikuja chini chini, taratibu, bibi yangu angeuzuia kwa mkia wa kanga. Khatibu akainama, akaufunika kwa viganja viwili. Tuliona umo mkononi. Kisha ukamponyoka, ukapita baina ya miguu yake, ukavuka mstari, ukasimama pale pale kama kitu kilichochoka. Moja kwa moja. Haikupita dakika ndefu filimbi ikalia. Subira imeshuka pwani.

Kisha mtu mmoja akasema, na baada yake wakasema wote: "Kauza."

Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Mkono usiopata kukosa chungwa umekosa mpira wa kitoto. Aliyepiga ni wa Nderemo. Mashemeji zake wa Nderemo. Basi kauza. Mbarouk alikuwa amepiga magoti penye tope, naye akasema bila ya kumtazama: "Hata kama walikupa dunia, Khatibu, ulikuwa huna haja ya kutufanyia hivi." Khatibu akafungua kinywa, akanitupia jicho pale niliposimama, akakifunga. Akaenda zake.

Na mimi? Mimi niliokota mpira wangu nikenda nyumbani. Nikaupangusa kwa tambara jeupe, tambara likageuka njano na kuteleza. Nikajua. Nikalitia tambara jikoni, moto ukalishika, moshi wa papa ukajaa nyumba.

Mama yangu, Bi Zuhura, akatoka chumbani. "Haji, tambara zima unalichoma kwa nini? Si lingefuliwa?"

Nikaongeza kuni. Aliningojea kidogo pale mlangoni, kisha akarudi ndani.

Siku ya pili nilisema nitasema kesho. Kesho yake nikasema hasira za watu zipoe kwanza. Siku ya nne nikasikia Khatibu kafunga mkeka wake, kamchukua mkewe, karudi Jambiani. Na watu wakasema, si mnaona, mwenye haki hakimbii. Nilikuwepo waliposema. Nilikuwa nakaza makubadhi ya mmoja wao, na niliyakaza mpaka kamba ikakatika. Nakwambieni wazi, nilikuwa naogopa. Nilikuwa napishwa njia, na sikutaka kuacha kupishwa. Ubaya wa kunyamaza ni kuwa kila siku inaongeza bei ya kusema.

Siku ya tano Ba Saleh akarudi dukani na homa yake imepoa. Akauona mpira, akapitisha kidole kimoja tu juu ya ngozi, akakinusa. Akashona mpaka adhuhuri. Alipokuwa anainuka kwenda kuswali akasema, "Jambiani ni mbali. Ukitoka alfajiri utafika."

Sikufika siku hiyo hiyo, kwa kuwa miguu yangu ni ya kukalia. Nilifuatana na muuza kamba na punda wake, tukapita Tunguu, tukalala Kitogani, na asubuhi ya pili tukateremkia pwani ya mashariki penye mchanga unaoumiza macho. Wanawake walikuwa ufukweni wanapiga makumbi waliyoyafukua, na mama mmoja mtu mzima akanielekeza kwa mchi wake bila ya kuacha kupiga. Khatibu alikuwa nyuma ya nyumba, kakaa chini, anasokota kamba, ncha moja kaifunga mguuni.

"Karibu, Fundi. Umekuja kununua kamba?"

"Nimekuja kukwambia neno."

"Sema."

"Mpira niliupaka sifa mara ya pili. Ijumaa asubuhi, ya siku ya mechi. Ndiyo maana ulikuponyoka."

Mikono yake haikusimama. "Nlijua."

"Ulijua lini?"

"Uliponipa mkononi. Mie mtoto wa pwani, yakhe. Sifa ilokauka na isokauka nnazijua."

"Na mbona hukusema?"

"Nseme wapi? Kwa refa? Angeukataa, na mwengine hatuna. Tungeshuka hata bila ya kucheza. Nkaona ntaudaka kwa kifua. Kifua kiliweza mara nne. Ule wa mwisho ukaja chini."

"Na baadaye? Waliposema umeuza?"

Hapo akaacha kusokota. "Baadaye nani angenisadiki? Wangesema nakusingizia. Na wachache wangesadiki, wangekufukuza. Golkipa ni mtu yeyote mwenye mikono miwili, Fundi. Anoweza kushona mpira Subira nzima ni wewe tu. Nkafanya hesabu, nkaona bora waniudhi mie."

Nililia. Mtu mzima, mbele ya kuku. Nililia kwa sauti mpaka mkewe akachungulia. Mtu huyu alikuwa amelibeba jina bovu ili mimi nipate kukaa penye majani, na majani yenyewe hayapo tena.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akauliza, "Umeshawambia wenzetu mjini?"

"Bado. Nimeanza kwako."

"Basi umeanzia mwisho," akasema, akaishika kamba yake tena. "Mie nshajua. Nenda kawambie wasojua."

Nikarudi. Nilifika mjini siku ya Ijumaa, alasiri, wakati timu yote imekaa barazani kwa Mbarouk wakijadili nani atakuwa golkipa wa pwani. Walinisogezea nafasi. Nikauweka mbele yao ule mpira, niliopita dukani kuuchukua, lakini sikukaa, maana nilijua nikikaa sitasema. Nikasema yote: Ba Saleh alivyoniambia mara moja, mimi nilivyopaka ya pili, tambara nililolichoma, na Khatibu alivyojua akanyamaza. Nilipotaja sifa ya pili Makame alicheka, kwa mazoea tu, kisha akaona ni yeye peke yake anayecheka.

Mbarouk akaniuliza jambo moja. "Tangu Ijumaa ile?"

"Tangu Ijumaa ile."

"Wiki nzima unatusikiliza tunamtukana mwenzetu."

"Wiki nzima."

Alikuwa amevaa makubadhi niliyomshonea mwenyewe, ya ngozi nyekundu, kazi yangu nzuri kabisa ya mwaka ule. Akayavua. Akayaweka mbele ya miguu yangu, yakitazamana vizuri, akaingia ndani peku. Wengine wakaondoka mmoja mmoja. Mpira nikauacha pale barazani, nikayaokota makubadhi nikenda nayo dukani, nikayaweka juu ya rafu, na sikujua ni ya kuuza au ni ya kutengeneza.

Kesho yake Mbarouk na Makame walikwenda Jambiani kumtaka radhi Khatibu, na hawakurudi mpaka alipokubali. Subira ikacheza pwani na mpira wa matambara, Khatibu langoni, tope hadi magotini. Nilikuwa nikienda kutazama kwa mbali, juu ya ukingo. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniita. Katika maulidi ya mwaka ule nilikaa penye viatu na hakuna hata aliyenitania, na hilo la kutotaniwa ndilo lililouma zaidi. Ndiyo maana nakwambieni, kazi ikikuharibikieni, semeni siku ile ile, hata kama mtasema huku mnatetemeka. Kosa la mkono watu husamehe upesi. Mimi wiki ile moja nililipa mwaka.

Siku moja, msimu umegeuka, nikiwa nimeinama kazini, mlango ukaingia kiza. Mbarouk. Akatazama rafu.

"Fundi, makubadhi yangu tayari?"

Niliyapangusa vumbi kwa mkono wa kanzu. "Tayari."

Akayavaa palepale, akapiga hatua mbili kuyajaribu kama mteja yeyote. Kisha akatoa kitu nyuma ya mgongo, akakiweka juu ya meza yangu: ule mpira wa ngozi, uliokauka sasa, na mshono mmoja uko wazi.

"Khatibu anasema wa matambara kachoka nao, na huu maji ya chumvi hauyaogopi," akasema. "Ushone. Maji yanatoka alasiri, nasi tunakungoja."